Miji Sita Ukutani Kwetu

Mume wangu alitoka asubuhi ya Jumapili akiwa juu ya kinga yake, akarudi akitembea kwa miguu. Kinga ndiyo baiskeli, kwetu Uvira tunaiita hivyo. Nyuma yake walikuja wanaume wawili, wamebeba kichwani vitu vipana vilivyofungwa ndani ya mashuka ya zamani. Aliwaonyesha pa kuviweka, akawapa maji ya kunywa, wakaenda zao.

"Kinga iko wapi?" nikamuuliza.

"Nimeibadilisha."

"Na nini?"

Alipiga magoti sakafuni, akaanza kufungua mashuka, taratibu, kama mtu anayevua nguo mgonjwa. Ndani mlikuwa na foto sita za miji ya Ulaya, kila moja ndani ya kadre ya mbao nyeusi na kioo mbele. Hazikuwa foto za mashine. Zilichorwa kwa mkono, zamani za mababu wa wazungu, kwa mistari myembamba kama nywele: kanisa lenye mnara mrefu kuliko kilima, nyumba zenye paa kama ngazi, lango la mawe, daraja, kiwanja kikubwa chenye nyumba ndefu pande zote, na mto ulionyooka unaopita katikati ya makao ya watu.

Zilikuwa za muzungu wa pamba, yule aliyekuwa akinunua pamba ya wakulima wa bonde la Ruzizi. Bibi yake, yaani mkewe, alikuwa amefariki, na yeye alikuwa akifunga masanduku arudi kwao.

Sikumkasirikia mume wangu. Nilijua kwa nini ameitoa ile kinga, na nilijua pia kwamba alikuwa hapendi tena kuitazama.

Tulikuwa na binti mmoja. Msimu wa mvua uliotangulia alishikwa na homa, shingo ikakakamaa. Mume wangu alimfunga mgongoni kwa kitenge changu, akapanda kinga, mimi nikikimbia nyuma hadi hospitali. Barazani kwa watu weusi kulikuwa na foleni, na muuguzi akatuambia daktari yuko upande wa pili, kwa wazungu. Mume wangu akaenda kule kubisha hodi. Mlinzi akamuuliza, "Weye uko na karte?" Hakuwa nayo. Akamwambia arudi kwenye foleni. Mtoto alikata roho mapajani mwangu huku waliotutangulia wakiitwa mmoja mmoja.

Karte hiyo ilikuwa inatolewa na serikali ya Wabeleji kwa mtu mweusi waliyeona amestaarabika. Aliyekuwa nayo hakuchapwa fimbo, na alipita mahali ambapo wengine walizuiwa. Sijui hata leo kama ingefungua mlango ule. Mume wangu aliamini hivyo, na mimi sikuwa na nguvu ya kubishana na imani yake. Tangu mazishi hakuniita tena kwa jina la mtoto, kama akina baba wanavyowaita wake zao. Aliniita "weye" tu. Na sasa mimba nyingine ilikuwa imeanza kuonekana.

Yeye alikuwa karani katika biro ya teritwari, ofisi ya serikali ya wilaya. Alijua kwamba anayeomba karte hutembelewa nyumbani. Wanakuja kuangalia kitanda, meza, choo, vijiko na mke. Karani mwenzake alikataliwa kwa sababu walikuta kuku ndani ya chumba cha kulala. Mwingine alipata, na watu walisema wageni walisifu sana picha alizotundika.

"Nyumba ya muntu mustaarabu iko na foto ku ukuta," mume wangu aliniambia. "Si foto ya kalenda. Foto ya maana."

Tulianza kuzitundika siku ileile. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi, tumeikandika kwa udongo na kuipaka chokaa juu. Kila msumari ulipoingia, udongo ulimwagika na tundu likabaki kubwa kama kikombe. Nikakanda udongo na mavi ya ng'ombe, nikaziba matundu, tukangoja yakauke, tukapiga vigingi vya mti mgumu badala ya misumari. Mume wangu alisimama mlangoni, mahali ambapo wageni wangesimama, akafumba jicho moja.

"Kushoto inua kidogo. Hapana, imezidi. Shusha."

Niliishikilia kadre juu ya kichwa changu hadi aliporidhika. Tulipokwisha tukatoka uani, tukasikia mlio chumbani. Ile ya daraja ilikuwa imeanguka pamoja na kigingi chake na kipande cha ukuta. Kioo kilikuwa kimetapakaa hadi chini ya meza. Mume wangu alikaa sakafuni, akaanza kuokota vipande kimoja kimoja na kuvipanga juu ya karatasi, kana kwamba vingeungana.

"Watakuja wakute matundu tu," akasema. "Watakuja wakute matundu, basi."

Nilimwambia aache, atajikata. Alikuwa amekwisha kujikata, wala hajui.

Miezi iliyofuata sikupata raha na kuta zile. Asubuhi nilikuwa napangusa vumbi la chokaa lililodondokea vioo. Mijusi walipenda kulala nyuma ya kadre. Unyevu wa ziwa uliingia ndani ya karatasi, ikaanza kujikunja pembeni. Jioni, baada ya bugali, mume wangu alinisimamisha mbele ya kila foto.

"Huu iko muji gani?"

"Bruges."

"Iko na nini?"

"Maji katikati ya nyumba."

"Sema *kanali*. Na huu?"

"Gand."

"Hapana. Gand iko ile ya lango. Angalia vizuri."

Alikuwa mtu mpole, lakini jioni hizo sauti yake ilikuwa ngumu, na nikikosea aliweka kiganja juu ya paji la uso kama aliyepigwa. Nilijifunza miji ile kama katekismu. Mchana, nikibaki peke yangu namenya mihogo, niliitazama kwa namna yangu. Watu walikuwemo wachache, wadogo kama sisimizi. Kwenye ile ya kanali nilimwona mwanamke ameinama kando ya maji anafua, na nguo nyingine kaitandaza juu ya jiwe. Huyo peke yake nilimwelewa.

Hatukuwa wawili tu nyumbani. Mama yake mume wangu aliishi nasi tangu alipofiwa na mumewe kule Bwegera, walikokuwa wakilima mpunga. Alisema Kirundi na Kiswahili kidogo. Alilala juu ya mkeka, alipika juu ya mafiga matatu nje, na jioni alivuta kiko chake kidogo akiwa amekaa chini. Ndiye aliyemwosha binti yetu siku ya kuzikwa, nilipokuwa siwezi kusimama. Foto hizo hakuzisema vibaya. Aliuliza tu, "Nyumba kubwa hivi, wenyewe walikwenda wapi?"

Mume wangu alipeleka ombi lake la karte, na siku ya ziara ilipotangazwa alianza kuzunguka maneno. Mwishowe akamkalia karibu.

"Mama, ingefaa uende kidogo ku Lubarika, kwa dada. Wageni wakisha kupita, nitakuja kukuchukua."

Mama alitoa kiko mdomoni. Alimtazama mwanawe, kisha akatazama ukuta.

"Nimesikia, mwana wangu. Foto zibaki, minye niende."

"Si hivyo, mama."

"Ni hivyo. Lakini sina hasira."

Nilimfuata mume wangu nje, nikamwambia, "Miezi yangu inakaribia. Nani atanizalisha?"

"Ukipata maumivu tutakuwa na karte," akasema. "Utazalia ku hospitali, ku kitanda. Daktari atakuja mwenyewe."

Niliona macho yake, nikaenda kumfungia mama mizigo. Mama aliondoka na kamio, lori la mpunga, amekaa juu ya magunia matupu, mkeka wake umeviringishwa kando yake.

Wageni walikuja alasiri. Walikuwa watatu: mzungu wa teritwari, padri mzee, na karani mkuu, mtu mweusi ambaye alikuwa na karte tayari. Nilikuwa nimevaa gauni na viatu, na miguu yangu iliyovimba ilikuwa inawaka moto ndani yake. Mume wangu aliwakaribisha kwa Kifaransa. Wakafungua kabati, wakaangalia uma na visu, wakainua shuka la kitanda, wakaenda chooni. Padri alinisalimu, akaniuliza kama nasali rozari. Kila kitu kilikwenda vizuri, na nilianza kuona mabega ya mume wangu yanashuka.

Halafu yule mzungu akafika kwenye ukuta.

Alisimama pale muda mrefu. Alitoka foto moja kwenda nyingine akiwa ameshika mikono nyuma. Nilikuwa tayari na majina yangu yote: Bruges, Gand, Anvers. Hakuniuliza. Alipogeuka aliacha Kifaransa, akasema na mume wangu Kiswahili, kile walichokuwa wanasema na maboi wao, na hapo nikajua kuna jambo limeharibika.

"Hizi foto umetoa wapi?"

"Kwa bwana wa pamba. Tulibadilishana, bwana. Nilimpa kinga yangu."

"Minye nimekula ku meza yake mara nyingi. Hizi foto zilikuwa za bibi yake. Alizipenda kupita kila kitu. Hawezi kuzitoa kwa baiskeli."

"Alizitoa, bwana."

"Kinga iko wapi?"

"Nilimwachia."

"Bwana amekwenda Ulaya. Alipanda ku meli na kinga yako?"

Mume wangu kwa kweli hakujua kinga ilikokwenda. Karani mkuu alikuwa anatazama viatu vyake. Padri alisema kwa upole kwamba ingefaa kuulizauliza kwanza. Mzungu akavaa kofia yake.

Kesho yake walimkamata kazini. Mchana polisi walikuja na mkokoteni kuchukua foto. Walizitoa ukutani kwa uangalifu mkubwa kuliko walivyomshika yeye, kama nilivyosikia baadaye. Vigingi vilibaki, na chini ya kila kigingi chokaa nyeupe zaidi, mraba kwa mraba.

Nilimpelekea chakula gerezani. Mlinzi alipokea sahani, akaniambia wataandika Ulaya kumuuliza mwenye foto, na mpaka jibu lirudi mfungwa atabaki. Na fimbo? nikamuuliza. Akatazama pembeni. "Ku mwizi iko fimbo, mama."

Nilikwenda kwa karani mkuu. Mke wake alinipa kiti. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni bila kuingia.

"Mume wako si mwizi," akasema. "Minye najua. Kila siku niliona kinga yake imesimama mbele ya biro, na siku moja haikuwapo."

"Basi useme hivyo."

"Siwezi kuingia mu mambo hayo. Karte yangu wataninyang'anya. Niko na watoto, mama."

Sikumlaani. Nilitoka nikakaa kando ya njia. Nilikuwa na mtoto mmoja kaburini, mwingine tumboni, na mume aliyekuwa anachapwa kwa ajili ya picha za nyumba za watu tusiowajua. Niliwaza kuingia ziwani. Ninalisema kwa sababu ni kweli. Nilitelemka hadi ufukoni na nia hiyo, na pale, kati ya watu waliokuwa wanaanika ndagala, nikamwona mmoja wa wale wanaume wawili waliobeba foto.

Nilimwendea nikamuuliza kuhusu kinga.

"Ile kinga?" akasema. "Bwana alimpa mpishi wake iwe zawadi ya kuagana. Tulimwona anaondoka nayo. Mpishi kwao iko Bwegera."

"Njoo useme hayo ku biro."

"Minye nilibeba mizigo tu, mama. Maneno yao sikusikia."

Lakini alikuwa amenipa njia. Kesho yake nilipanda kamio ya kwenda bondeni. Bwegera nilipita bila kushuka, maana sikumjua yule mpishi na niliogopa kumkabili peke yangu. Nilikwenda hadi Lubarika.

Mama alikuwa uani kwa binti yake, anapepeta mpunga. Aliposikia habari hakupiga kelele. Aliweka ungo chini, akaniambia nirudie tena polepole, nikarudia. Akafunga kitambaa kichwani.

"Huyo mpishi," akasema, "namjua mama yake. Tumepanda mpunga pamoja. Twende."

Tulirudi Bwegera kwa miguu, tukipumzika kila nilipoomba. Mpishi alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na alipotuona akajua tumekuja kwa nini, maana habari ilikuwa imefika kabla yetu. Kinga alikuwa ameificha ndani, chini ya mikeka.

"Bwana alinipa kwa mkono wake," akasema. "Lakini nikienda Uvira watasema hata minye niliiba. Watachukua kinga, watanifunga pamoja na mwanao. Mama, uniache."

"Sitakuacha," mama akajibu, akakaa chini katikati ya ua.

Aliletewa chakula akakataa, akaletewa maji akakataa. Mpishi aliingia ndani, akatoka, akaenda shambani, akarudi, bado yuko pale. "Wanachapa mwanangu," mama akamwambia. "Weye ule bugali yako. Minye nitakutazama."

Nilikuwa nimeegemea ukuta. Maumivu ya kiuno yalianza, nikauma kitenge nisilie. Mke wa mpishi ndiye aliyeona. Alikuja akaweka mkono juu ya tumbo langu, akamgeukia mumewe.

"Huyu mwanamke anaumia, na weye unaogopa chuma cha kinga. Mtoto akifia hapa tutaishi namna gani na hao majirani?"

Mpishi akaingia ndani, tukasikia mikeka inavutwa, akatoka anaisukuma ile kinga.

Maumivu yalitulia. Tukapata kamio ya magunia, kinga ikafungwa juu, nasi tukaketi kando yake. Njiani mikono ya mpishi ilikuwa imeshika gurudumu.

Katika biro mzungu alitoka nje pamoja na padri kuiangalia. Palaki ya kodi, kibati chenye namba ya mume wangu, ilikuwa bado juu yake. Makarani walikuja dirishani, na walipoulizwa mbele ya watu kama wanaijua, wakasema wanaijua.

"Na bwana wako alikubali mwenyewe?" mzungu akamuuliza mpishi.

"Alikubali, bwana. Alisema hataki tena kuona hizo foto. Zinamkumbusha bibi."

Mzungu akasema na padri kwa Kifaransa, maneno machache, halafu akaamuru mume wangu atolewe. Hakumwomba radhi. Alisema tu, "Chukua foto zako." Na karte? "Tutaona."

Kwenye meza ya mume wangu alikuwa amekwisha kuketi mtu mwingine. Tulikwenda nyumbani, mpishi akarudi kwao na kinga yake. Mume wangu alilala kifudifudi, mama akampaka mawese mgongoni kwa ncha za vidole. Baadaye nilisikia sauti ya mume wangu, uso bado juu ya mto wa kulalia.

"Mama, lala ku kitanda changu."

"Mkeka unanifaa," akasema mama. "Tulia."

Nilijifungua mtoto wa kiume siku chache baadaye, mlemle chumbani, mikononi mwa mama. Nilipata homa na watu walidhani nitakufa, lakini sikufa, wala mtoto. Foto zilirudishwa na mkokoteni uleule. Mume wangu aliziegemeza pembeni, nyuso zikielekea ukutani, na hakuna aliyezigusa. Tulipokuja kuzigeuza, mchwa walikuwa wameingia kwa nyuma. Njia zao za udongo zilikuwa zimepita juu ya minara na madaraja, na karatasi ikaja mkononi mwangu kama majani makavu. Kuni tulipata za kutosha kutoka kwenye zile kadre.

Alipata kazi ya kupima mpunga kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja. Alikuwa akisimama siku nzima. Kifaransa hakukisema tena nyumbani. Jioni alikaa karibu na mtoto akimsikiliza anavyopumua, na mtoto akikohoa tu, alisimama.

Mwaka ukapita. Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta ameng'oa vigingi vyote, ameziba matundu, na ana ndoo ya chokaa miguuni. Nikajua bila kuuliza. Alikuwa anataka kuomba karte tena.

Nilisimama na kikapu changu kichwani. Nilitaka kulia, nilitaka kuimwaga ile ndoo. Mtoto alikuwa usingizini juu ya mkeka kando ya bibi yake.

"Safari hii mama hatoki hapa," nikamwambia.

"Hatoki," akasema.

"Wakimkuta amekaa chini na kiko chake?"

"Watamkuta."

Alichovya brashi, akaendelea kupaka. Nilishusha kikapu, nikaenda kumhamisha mtoto ili chokaa isimdondokee.